Dari Iliyokaliwa na Popo au Panya: Isafishwe, Ikatwe Vipande au Ibomolewe Yote?

Simama chini ya doa kubwa kuliko yote kwenye dari, vaa glovu, kisha libonyeze kwa kidole gumba. Pakiwa pagumu sawasawa na pale pasipo na doa, dari hiyo bado inaokoleka. Pakibonyea kama mkate uliolowa chai, pameoza, na hakuna sabuni wala dawa itakayoparudisha. Fanya jaribio hili kabla hujamwita fundi, maana mafundi wengi huja na jibu moja mkononi: ama "tutapiga dawa tufagie", ama "bomoa yote tuweke jipsamu mpya". Kati ya hayo mawili ipo njia ya tatu, ya kukata vipande vilivyoharibika na kuacha vizima. Kwa nyumba nyingi za Mbeya, Njombe, Mafinga na Iringa zilizokaliwa na popo, hiyo ndiyo tunayoiona inafaa kuliko zote.

Kinachoamua si wingi wa kinyesi. Kinyesi kinazolewa na kuondoka. Mkojo ndio unaopenya kwenye karatasi ya jipsamu, kwenye nyuzi za silingi bodi (ubao laini wa dari) na kwenye mbao za paina, na ukishapenya unanuka upya kila hewa inapopata unyevu. Ndiyo maana nyumba inaweza kutulia kuanzia Julai hadi Oktoba, halafu mvua za Novemba zikaanza na harufu ikarudi kana kwamba hakuna aliyewahi kupanda juu.

Popo au panya: kazi si moja

Chukua punje moja ya kinyesi ukiwa na glovu, iweke juu ya karatasi nyeupe, iponde kwa kijiti. Cha popo husagika mara moja na kuacha vipande vidogo vinavyometameta, kwa sababu ni mabawa na maganda ya wadudu. Cha panya wa darini ni kigumu, kimechongoka, kina urefu wa milimita 10 hadi 12 na hakisagiki kirahisi. Chenye ncha nyeupe ni cha mjusi wa ukutani, hicho kisikuumize kichwa. Popo wanaolala ndani ya paa ni wale wadogo wala wadudu. Wale wakubwa wala matunda kwa kawaida hulala mitini.

Tofauti ya pili inaonekana ukichungulia kwa tochi. Popo hulala pamoja, karibu na tundu wanaloingilia au chini ya bati linalopata jua zaidi. Kwa hiyo utakuta lundo la kinyesi chini ya kofia ya bati (bati linalofunika kilele cha paa) au kwenye kona ya gebo (ukuta wa pembetatu chini ya paa), mara nyingi ukanda usiozidi mita moja kwa upana, na sehemu nyingine ya dari ni safi kabisa. Panya hutembea. Kinyesi chao kimetapakaa juu ya walpleti (mbao inayolala juu ya ukuta kubeba paa), kandokando ya kuta na juu ya paipu za umeme, na mkojo ni matone madogo yaliyofuata njia zao. Wanapozalia tu, kwenye kiota cha matambara na maganda ya mahindi, ndipo dari huoza.

Kwa lugha ya kazi: popo huharibu sana mahali padogo, panya huharibu kidogo kila mahali. Aliyekaliwa na popo atafikiria kukata. Aliyekaliwa na panya atafikiria kusafisha dari nzima na kukagua nyaya.

Hatari kwa afya nazo zinatofautiana. Kwenye kinyesi cha popo hustawi kuvu aitwaye Histoplasma, ambaye mbegu zake hupeperuka na vumbi na kuingia mapafuni, kwa hiyo adui mkubwa hapo ni vumbi kavu. Mkojo wa panya unaweza kubeba bakteria wa homa ya mgunda, ugonjwa ule uliotangazwa Julai 2022 huko Ruangwa mkoani Lindi, ambako watu 20 waliugua na 3 wakafariki. Bakteria hao hawavumilii ukavu. Wanapita kwenye mikwaruzo ya ngozi na kwenye macho wakiwa katika mkojo mbichi au maji machafu, na hapo glovu ndefu na viatu vya mpira vina maana kuliko barakoa. Kwa kuwa mtu hawezi kuapa kwamba dari yake ina kiumbe mmoja tu, vaa vyote: glovu za mpira, miwani inayofunika pembeni, nguo za mikono mirefu, kofia, na barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana usoni. Barakoa ya kitambaa haizuii mbegu za kuvu. Kama lundo la popo linazidi ndoo mbili tatu, tafuta barakoa ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha.

Kuna doa la tatu ambalo watu wa nyanda za juu hulisingizia wanyama. Usiku wa Juni na Julai bati hupoa sana, mvuke wa jikoni na wa pumzi za waliolala hupanda, hugeuka maji chini ya bati na kudondoka alfajiri. Doa hilo hufuata mistari ya papi (mbao zinazopigiliwa bati) na misumari, halina kinyesi juu yake na halinuki. Dawa yake ni tundu la hewa kwenye gebo. Hapo hakuna cha kubomoa.

Kabla ya lolote: watoke, kisha pazibwe

Kusafisha dari ambayo bado ina wenyeji ni kuchota maji kwa tenga. Na namna ya kuwatoa inategemea majira.

Popo wala wadudu huzaa zaidi majira ya mvua, wadudu wanapokuwa wengi. Vitoto haviruki kwa wiki nne hadi sita. Ukiziba tundu Desemba au Januari, mama watabaki nje, watoto watafia ndani, na utakuwa umejitengenezea uozo mpya juu ya ule wa zamani. Huku kwetu kipindi salama ni Juni hadi Septemba. Ubaya wake ni baridi: usiku ukiwa mkali, popo hupoa na kuzubaa, wanaweza kukaa siku kadhaa bila kutoka. Kwa hiyo mlango wa kutokea tu, usiomruhusu popo kurudi, ambao penye joto ungetosha usiku saba, uache usiku 10 hadi 14.

Mlango huo ni rahisi. Jioni tatu mfululizo, kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 1 na robo, watu wawili wasimame kwenye pembe mbili za nyumba, kila mmoja akiona pande mbili, waweke alama kila wanapotokea. Ziba matundu mengine yote isipokuwa yale makuu. Kwenye tundu kuu funga kipande cha paipu ya plastiki ya inchi 2, urefu wa sentimita 25, kikiinamia chini, na mdomoni mwake kifunge soksi ya nailoni laini inayoning'inia sentimita 20. Popo anateleza kutoka, akirudi hapati pa kushika. Kama tundu ni ufa mrefu chini ya bati, tundika nailoni nzito iliyobanwa juu na pembeni, ikiwa wazi chini, ishuke sentimita 50 chini ya ufa. Usifukize moshi na usimwage dizeli wala mafuta ya taa juu ya dari. Kenchi (mbao zinazobeba paa) kavu za paina zinawaka haraka kuliko unavyoweza kushuka ngazi.

Kwa panya, watu hushindanisha sumu na mtego, na kwa darini jibu letu ni mtego. Sumu nyingi za panya huua baada ya siku tatu hadi saba. Panya anakufa mahali usipofika, kati ya ukuta na walpleti, na harufu inakaa wiki mbili au tatu. Paka au bundi akimla, naye anaumia. Mtego wa kubana unakuonyesha idadi. Nyumba ya vyumba vitatu tumia mitego 10 hadi 12, iwekwe kwenye njia zao, kichwa cha mtego kikigusa ukuta. Chambo kizuri ni usipa (dagaa) mkavu au karanga iliyosagwa. Siku tatu za kwanza weka chambo bila kutega, panya wazoee, kisha tega yote usiku mmoja. Endelea hadi zipite siku saba bila kunasa. Siku hiyohiyo unapotega, nyunyiza dawa ya unga ya viroboto kwenye njia na viota, maana panya akifa viroboto wake hushuka kutafuta damu nyingine, na viroboto hao ndio wanaobeba tauni pale ugonjwa ulipo.

Kuziba ndiko wengi wanakoharibu. Panya mdogo hupita tundu la milimita 6, panya wa darini hupita penye upana wa kidole gumba, na popo anatosheka na ufa wa sentimita moja na nusu. Mianya mikubwa ya nyumba za bati iko mahali patatu: kwenye mawimbi ya bati juu ya walpleti, chini ya kofia, na pale fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) ilipoachana na ukuta. Foamu ya kupulizia ikiwa peke yake, panya huitafuna kama andazi. Mawimbi yaliyo juu ya ukuta jaza chokaa cha saruji, mchanga ndoo nne kwa saruji ndoo moja. Penye nafasi kubwa pigilia wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi. Penye kitundu cha paipu shindilia waya wa kusugulia masufuria kisha ufunike kwa saruji. Usizibe kila kitu: acha tundu la hewa kila gebo, lenye wavu huohuo wa robo inchi, ama sivyo yale maji ya alfajiri yatakuozeshea dari mpya.

Njia ya kwanza: kusafisha bila kubomoa

Inafaa dari ya mbao, dari ya PVC (plastiki), na jipsamu ambayo wanyama wamekaa muda mfupi na kidole gumba kimeona pagumu. Haihitaji ununuzi mkubwa, vyumba vinabaki na dari yake, na watu wawili wanamaliza nyumba ya kawaida kwa siku mbili. Udhaifu wake ni mmoja: haigusi kilichokwisha kupenya.

Zima swichi kuu ya umeme. Fungua matundu ya gebo saa moja kabla ya kupanda. Tembea juu ya mbao za kenchi tu. Laza ubao mpana unaokalia kenchi mbili au tatu, uwe ndio njia yako. Kwenye bomba la mgongoni la lita 16 weka maji na sabuni ya maji vijiko viwili vya chakula, pulizia kama ukungu mwembamba, ngoja dakika 15, pulizia tena, ndipo uzoe kwa kizoleo cha plastiki. Usifagie kikavu. Usitumie mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi, kwa sababu chujio lake hupitisha zile mbegu ndogo za kuvu na kuzipuliza upande wa pili.

Hapa ndipo dari zinapotofautiana. Juu ya mbao unaweza kulowesha hadi lundo lishikamane kama udongo wa bustani. Juu ya jipsamu huwezi: karatasi hunywa maji, jipsamu ya ndani inalegea, na ubao unashuka tumbo kati ya blandaring (mbao nyembamba zinazoshikilia dari). Jipsamu iloweshwe kidogokidogo, eneo la mita moja kwa moja, zoa hapohapo, kisha uende eneo la pili. Mtu akimimina ndoo ya maji juu ya lundo la popo lililokaa kwenye jipsamu, kwanza ameliongezea uzito, pili amelegeza kinacholibeba. Dari huangukia sebuleni pamoja na kila kilichomo.

Weka kinyesi kwenye mifuko mizito ya taka, miwili miwili, jaza nusu tu ili uweze kushusha bila kupasua. Kiroba cha salfeti peke yake kinavujisha vumbi. Watu wengi huulizia kukipeleka shambani, na ni kweli mbolea ya popo ina nguvu. Lakini kuimwaga kavu kwenye mahindi ni kumpa mkulima vumbi lilelile ulilolikimbia darini. Ichimbie shimo, ikiwa bado na unyevunyevu, ifunike kwa udongo.

Kuhusu jiki, tafadhali sana: usiimwage juu ya kinyesi na mkojo. Mkojo uliooza una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, wewe ukiwa umejikunja chini ya bati na mlango mmoja wa kutokea. Jiki inakuja mwishoni, baada ya uchafu wote kuondoka na mbao kuoshwa kwa sabuni. Ya asilimia 3.5 changanya sehemu moja kwa sehemu sita za maji, pakaza kwa kitambaa, acha dakika 10, futa kwa maji safi. Isiguse bati wala vichwa vya misumari ikaachwa hapo, inaleta kutu.

Mwisho, mbao za kenchi zenye michirizi myeupe ya chumvichumvi. Hiyo ni chumvi ya mkojo. Ilowanishe, isugue kwa brashi ya waya, iache ikauke siku tatu hadi tano za jua, kisha piga praima ya mafuta (rangi ya kwanza ya kuzibia) mikono miwili, yaani mara mbili. Rangi ya maji haitoshi: doa hupenya na harufu nayo hupita.

Njia ya pili: kukata na kubandika

Hii ndiyo ya lundo la popo kwenye ukanda mmoja, au viota viwili vitatu vya panya. Unatupa kilichokufa na kubakiza kizima, na kupitia tundu hilohilo unapata nafasi ya kuosha kenchi na kuziba bati kwa mkono badala ya kujinyonganyonga kutoka juu.

Pa kukata hapachaguliwi kwa macho tu, kwa sababu mkojo hutambaa ndani ya karatasi kuliko doa linavyoonyesha. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 pembeni mwa doa, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiotoboka, nyunyizia matone machache ya maji, funga, weka juani saa moja. Fungua unuse. Kikinuka, sogea sentimita 30 nje zaidi ukate kingine, hadi upate kisichonuka. Hapo ndipo mpaka. Anayeruka hatua hii hubandika ubao mpya safi katikati ya uvundo wa zamani, kisha humlaumu fundi.

Utaratibu una mpangilio wake: kwanza zoa kinyesi kutoka juu, ndipo ukate kutoka chini. Ukianza chini, lundo lote litakushukia. Toa vitu chumbani, tandika nailoni ya ujenzi sakafuni hadi ipande ukutani, funga mlango kwa nailoni. Jipsamu ikatwe kwa kisu, si kwa grenda, maana grenda hugeuza mkojo uliokauka kuwa wingu. Mstari wa kukata upite katikati ya mbao ya blandaring ili kingo zote mbili zipate pa kukaa. Pasipo na mbao, ongeza kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 2 kwanza. Pima unene wa ubao wa zamani. Kubandika wa milimita 9 penye wa milimita 12 kunaacha ngazi ambayo hakuna skimming (lipu nyembamba ya kulainisha) itakayoificha. Kingo za zamani zipigwe praima ya mafuta kabla ya kuungana na mpya, kisha utepe wa nyavu na skimming mikono miwili, wa kwanza ukauke kabisa. Mbeya ya Juni hukausha polepole, ngoja siku nzima.

Udhaifu wa njia hii ni macho. Hata fundi mzuri ataacha kivuli cha kiraka ambacho taa ya jioni hukionyesha, hivyo hesabu na rangi ya chumba kizima. Na kama dari yako ni ya vibao vya nakshi za zamani ambavyo havipo tena madukani, kiraka kitajitangaza chenyewe.

Njia ya tatu: kubomoa yote

Kubomoa kuna haki yake pale madoa yanapozidi theluthi ya dari, pale ambapo vipande vya majaribio vinanuka vyumba vyote, pale silingi bodi ya nyuzi laini ilipolowa (hiyo hunywa kama sponji, usipoteze sabuni), au pale panya walipotafuna nyaya kiasi kwamba umeme wote unahitaji kupitiwa. Faida yake kubwa haionekani kwenye dari yenyewe: paa likiwa wazi, kila mwanya unaonekana ukiwa umesimama, kila kenchi inafikika kwa brashi, na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji) anaweza kuweka nyaya zote ndani ya paipu.

Na bado ndiyo njia inayofeli kwa aibu zaidi, kwa sababu moja. Dari mpya hupigiliwa chini ya kenchi zilezile zenye mkojo, hazijaoshwa, hazijapigwa praima. Masika ya kwanza jipsamu mpya inanuka. Ukibomoa, tenga angalau siku tano za ukavu kati ya kuosha mbao na kufunga dari. Fundi akisema atabomoa Ijumaa na kufunga Jumamosi, mwambie hapana.

Onyo moja kwa majengo ya zamani ya taasisi na nyumba zilizojengwa miongo mingi nyuma: ukikuta karatasi ngumu za kijivu, nzito, zinazovunjika kwa ukingo wenye nyuzinyuzi, huenda ni asbesto. Usizikate, usizitoboe, usizipige nyundo, wala usifagie juu yake. Ulizia NEMC (baraza la taifa la mazingira) utaratibu wa kuziondoa na mahali pa kuzitupa.

Ukiweka mpya, weka ipi?

Hapa watu wa Iringa na Mbeya wana bahati ambayo wa pwani hawana: mbao ziko jirani. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill uko Mufindi, na Mafinga ni mji wa mbao. Dari ya mbao nyembamba za kupachikana, zenye dawa na kupigwa vanishi pande zote mbili kabla ya kupanda, huhimili kuoshwa, hubeba uzito wa lundo bila kuanguka, na ubao mmoja ulioharibika hutolewa peke yake. Huzuia baridi kuliko nyingine pia. Ubaya ni kazi nyingi ya fundi, na mbao mbichi: zikipigiliwa kabla ya kukauka, husinyaa Agosti na kuacha nyufa. Upande wa juu usipopigwa vanishi, mkojo unaingia kama kwenye kenchi.

Jipsamu ni nyepesi kufunga na nzuri machoni, ila ndiyo inayosamehe kidogo kuliko zote. Iweke tu kama una uhakika kwamba bati limezibwa. Chumba cha futi 12 kwa 12 kina futi za mraba 144. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 una 32, hivyo nunua mbao tano, kipande kitakachobaki kitakusaidia viraka baadaye. Blandaring ziwe kila sentimita 40, na kila ubao upate skurubu zisizopungua 40. Ukiona fundi anapanga miraba ya sentimita 60 kwa ubao wa milimita 9, jua itashuka tumbo hata bila popo.

PVC hainywi mkojo, inafutika kwa kitambaa, na kwa jikoni au bafuni hatuoni ya kuipita. Lakini ina mashimo ndani, panya akitafuna ukingo hugeuza mashimo hayo kuwa njia, na mkojo ukiingia kwenye maungio huna pa kuufikia bila kufungua safu nzima. Haibebi mzigo. Kwenye moto hutoa moshi mbaya sana, hivyo isikae juu ya jiko la mkaa lisilo na bomba la moshi.

Tukilazimika kuchagua moja kwa nyumba ya Njombe au Makete iliyowahi kuingiwa na popo, ni mbao. Kwa nyumba ya mjini Mbeya iliyokuwa na panya na sasa imezibwa vizuri, jipsamu inatosha, mradi mlango wa kupandia darini uwe mpana wa kupitisha mabega, futi mbili kwa mbili, ili ukaguzi usiwe adhabu.

Baada ya kazi

Wiki mbili za kwanza baada ya popo kuondoka, kunguni wao huweza kushuka vyumbani wakitafuta damu. Puliza dawa ya wadudu kwenye maungio ya dari na ukuta, siyo kitandani. Matawi ya mparachichi au mkaratusi yaliyokaribia bati yakatwe yabaki mita mbili. Mavuno yanapoingia kati ya Mei na Agosti, panya hufuata gunia kutoka shambani: mifuko ya kinga njaa (ya kuhifadhia nafaka bila hewa) inazuia bungua, wadudu wa nafaka, haizuii meno ya panya, hivyo iinue juu ya chaga mbali na ukuta au utumie kihenge cha chuma. Na usiku wa kwanza wa mvua ya Novemba, kabla hujalala, simama chini ya pale palipokuwa na doa, madirisha yakiwa yamefungwa, unuse. Kama hakuna kitu, panda na tochi Januari ukaangalie wavu wa gebo na saruji ya mawimbi. Saruji iliyopigwa juu ya vumbi bila kulowanishwa hubanduka mwaka wa kwanza, na popo wanakumbuka mlango wao.